Butembo–Beni: Sigara inauzwa moja moja, sheria inabaki kwenye paketi

Kila mutu wa Butembo na Beni anaijua hii picha. Ni saa kumi na mbili za jioni. Watu wanatoka sokoni, wamotari wamejipanga kwenye rond-point wakingojea wateja. Mutoto anapita katikati yao na sahani kichwani. Kwenye sahani kuna karanga, bonbon, mayai ya kuchemsha, kibiriti, na paketi moja ya sigara yenye imefunguliwa. Motari mumoja anamuita kwa kidole. Anatoa noti ndogo, anachukua sigara moja, anawasha kwa kibiriti cha mutoto, anamurudishia kibiriti chake. Biashara imekwisha. Haikufika hata dakika moja.

Mutoto yule pengine ana miaka kumi na moja. Motari pengine ana kumi na tisa. Paketi imebaki kwenye sahani. Juu yake kuna onyo kama sigara inaharibu afya. Motari hakulisoma. Hakuishika hata hiyo paketi.

Katika dunia nzima makampuni ya tumbaku yanaangaliwa kwa jicho kali. Kuna mikataba, kuna kesi, kuna sheria, na hapa Congo kuna watu wanaoomba serikali ikaze kamba. Lakini ukitaka kujua sheria hizo zinafika wapi, usiende kwanza Kinshasa ao Geneva. Simama pembeni ya ile sahani. Kwani karibu kila ulinzi wenye ulimwengu ulitafuta juu ya sigara uliwekwa kwenye paketi, na huku kwetu watu wengi hawanunui paketi. Wananunua sigara moja.

Paketi inabeba nini?

Tuchukue paketi ya sigara ishirini tuiangalie vizuri. Inabeba vitu vine.

Kwanza, inabeba onyo. Maneno ao picha zenye kumwambia mununuzi kama kitu hiki kinaleta kansere, kinaziba mishipa ya moyo, kinaumiza mutoto tumboni mwa mama. Sigara ikitoka ndani ya paketi, onyo linabaki nyuma.

Pili, inabeba bei. Paketi nzima ni pesa ya kufikiria. Mutoto wa sekondari hawezi kuitoa mufukoni kila siku bila mutu wa nyumbani kujua. Lakini sigara moja ni pesa ya beignet. Anakosa beignet leo, anavuta.

Tatu, inabeba alama ya kodi na ya kule ilitoka. Mutu wa duwane akishika paketi anaweza kujua kama ililipiwa. Akishika sigara moja yenye tayari iko mudomoni mwa mutu, atajua nini?

Ine, inabeba njia ya kupima umri. Butike yenye kuuza paketi ina mulango, ina mwenyewe, serikali inaweza kumukuta pale na kumuuliza. Sahani ya kichwani haina mulango. Na mwenye kuuza mwenyewe ni mutoto. Atamukatalia mutoto mwenzake namna gani?

Ndiyo maana wenye kupiganisha tumbaku wanasema kuuza moja moja si jambo dogo la barabarani tu. Ni tundu lenye kumwaga maji yote ya mutungi.

Tumbaku inafanya nini mwilini

Tumbaku si kitu kigeni kwetu. Wazee wetu walijua kiko na ugoro. Kwa hiyo kuna watu wanasema: babu yangu alivuta mpaka miaka themanini, mbona hakukufa? Ni kweli kuna wazee kama hao. Lakini hatuhesabu wale wenye walibaki tu, tunahesabu pia wale wenye waliondoka. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe: walivuta tu moshi wa wengine, nyumbani ao kazini. OMS inasema tena kama karibu nusu ya wavutaji wenye hawaachi, tumbaku ndiyo itawaua.

Kitu chenye kumukamata mutu ni nikotini. Inafika kwenye ubongo sekunde chache tu kiisha kuvuta. Inampa mutu utulivu kidogo, kiisha utulivu unaondoka, na mwili unaanza kudai tena. Ubongo wa kijana ungali unajengeka, kwa hiyo unakamatwa mbio kuliko wa mutu mukubwa. Moshi nao una kemikali zaidi ya 7.000, na karibu 70 kati yazo zinajulikana kama zinaleta kansere.

Kuna jambo moja lenye kutugusa sana hapa kwetu: kifua kikuu. Mutu mwenye kuvuta yuko na hatari ya kupata kifua kikuu karibu mara mbili ao zaidi kuliko mutu mwenye havuti, na akiwa kwenye dawa, moshi unaharibu kupona kwake. Inchi yetu ni moja kati ya zile zenye muzigo mukubwa wa kifua kikuu duniani. Familia zinazolala watu sita chumba kimoja, sawa zile za wakimbizi wa vita zenye tunaona Beni, Oicha na Butembo, zinajua kikohozi cha mutu mumoja kinaishia wapi.

Na kansere ya mapafu? Yenyewe inakuja polepole, miaka ishirini ao thelathini kiisha sigara ya kwanza. Kijana mwenye kuanza leo kwenye rond-point hatakuwa mugonjwa kesho. Atakuwa mugonjwa wakati yeye ni baba wa watoto watano, na matibabu ya kansere hayapatikani karibu. Deni linalipwa na familia yote.

Congo ilisaini nini?

Watu wengi wanafikiri inchi yetu haikufanya kitu chochote juu ya tumbaku. Si kweli. Mwaka 2003 inchi za dunia zilikubaliana kwenye OMS mukataba wa kupiganisha tumbaku. Ulianza kufanya kazi Februari 2005, na leo unafunga pande 183. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iliuthibitisha mwaka ule ule wa 2005. Kwa hiyo imepita miaka zaidi ya 20 tangu Congo iweke mukono wake.

Mukataba ule unasema nini? Tutaje mambo yenye kutuhusu:

– Onyo la afya lichukue nusu ya uso wa paketi ao zaidi, na lisiwe hata siku moja chini ya asilimia 30. Na liandikwe kwa lugha kubwa ya inchi.

– Matangazo ya tumbaku yakatazwe, pamoja na kampuni kulipia michezo, ngoma na sherehe.

– Watu wasivute ndani ya kazi, ndani ya magari ya abiria na fasi zingine zenye watu wanakutana.

– Kodi ipandishwe, ili bei ipande na vijana washindwe kuingia.

– Tumbaku isiuzwe kwa watoto, na pia isiuzwe na watoto.

– Inchi ijikaze kukataza kuuza sigara moja moja ao ndani ya vipaketi vidogo, kwani hiyo ndiyo inawavuta watoto.

– Wakati serikali inatunga siasa yake ya afya, iilinde na mukono wa makampuni ya tumbaku.

Soma tena jambo la tano na la sita. Inaonekana kama wenye kuandika walipita Butembo jioni.

Kiisha, tarehe 13 Desemba 2018, inchi yetu ilipata sheria namba 18/035 yenye kuweka misingi ya afya ya watu, na ndani yake mna sehemu juu ya tumbaku. Hiyo ni hatua. Lakini vyama vyenye kupigania jambo hili vinaomba zaidi: sheria ya tumbaku peke yake, yenye kusema wazi nani anakataza, nani anakagua, nani anatoza faini, na pesa ya faini inaenda wapi. Sheria kubwa ya afya ni sawa nguzo ya nyumba. Bila ukuta na mulango, mwizi anaingia tu.

Jambo la lugha nalo si la kuchezea. Ndugu musomaji, leo ukikuta paketi fasi yoyote, iangalie: onyo limeandikwa kwa lugha gani, na kwa herufi kubwa namna gani? Mama mwenye hakusoma Kifaransa anaelewa nini? Kwa mutu mwenye hajui kusoma, picha ya pafu lenye kuoza inasema kuliko sentensi kumi.

Ng'ambo ya Kasindi mambo ni tofauti

Wafanyabiashara wetu wanaijua barabara ya Kasindi kuliko mutu yeyote. Unavuka mupaka, unaingia Mpondwe, unafika Bwera, hata saa moja haijapita. Lakini juu ya sigara umeingia ulimwengu mwingine, angalau kwenye karatasi.

Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya tumbaku Julai 2015. Mutu aliyeipeleka bungeni ni mbunge Chris Baryomunsi, daktari wa kazi yake. Sheria ikaanza kufanya kazi tarehe 19 Mei 2016. Inasema hivi: hakuna kuuzia sigara mutu mwenye hajafika miaka 21. Hakuna kuuza sigara moja moja. Paketi inapashwa kuwa na sigara ishirini. Hakuna kuvuta ndani ya metre 50 kutoka fasi ya watu wote. Hakuna shisha. Onyo, na picha yake, linapashwa kuchukua asilimia 65 ya paketi, mbele na nyuma.

Kampuni ya British American Tobacco, ile tunaita BAT, kupitia tawi lake la Uganda, ilienda kwenye Korti ya Katiba ikasema sheria hiyo inavunja haki zake. Kesi ilichukua miaka. Mei 2019 waamuzi waliikataa kesi ya kampuni, sheria ikabaki.

Kenya nayo ilipita njia ile ile. Ilikuwa na sheria tangu 2007, yenye kukataza kuuza sigara nje ya paketi ya angalau kumi. Mwaka 2014 ikaongeza kanuni zingine kali. BAT Kenya ikazipinga: ikashindwa kwenye Korti Kuu mwaka 2016, ikashindwa kwenye rufaa mwaka 2017, ikashindwa mara ya mwisho kwenye Korti ya Juu Zaidi, Novemba 2019.

Tusidanganyane. Kwenye barabara za Nairobi na Kampala bado utakuta mutu anauza sigara moja moja kwa kujificha. Sheria peke yake haifagii barabara. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kitu chenye kinafanywa kwa kujificha na kitu chenye mutoto anabeba kichwani mbele ya posti ya polisi bila woga. Fasi sheria iko, mwalimu, muzazi na mukubwa wa kata wana kitu cha kushikilia. Wanaweza kusema: hapana, imekatazwa.

Juu ya nini makampuni hayaaminiwi?

Kuna watu watauliza: kampuni inauza kitu chenye kimeruhusiwa, inalipa kodi, inatoa kazi. Mbona inafuatwa hivyo?

Jibu liko kwenye historia. Tangu mwaka 1950 waganga wa Uingereza na Marekani walikuwa wamechapisha kazi zenye kuonyesha kama sigara inaenda pamoja na kansere ya mapafu. Lakini tarehe 14 Aprili 1994, wakubwa saba wa makampuni ya tumbaku ya Marekani walikaa mbele ya wabunge, wakaapa, na kila mumoja akasema haamini kama nikotini inamufunga mutu. Mwaka 1998 makampuni makubwa yalikubali kulipa majimbo 46 ya Marekani zaidi ya dola miliari 200 kwa miaka 25, juu ya garama ya kutunza wagonjwa. Kesi za miaka ile zikafungua hati zao za ndani, mamilioni ya kurasa. Na Agosti 2006 muamuzi Gladys Kessler wa Washington akaandika kwenye hukumu yake kama makampuni yale yalidanganya watu kwa makumi ya miaka: juu ya hatari ya sigara, juu ya nikotini, na juu ya namna walivyotafuta vijana.

Na huku Afrika? Mwisho wa Novemba 2015, televisheni ya BBC ilimuonyesha Paul Hopkins, mutu aliyefanya kazi miaka 13 ndani ya BAT kule Kenya. Alisema, na hati mukononi, kama pesa zililipwa kwa watu wa serikali wa inchi za kanda yetu, pamoja na Burundi na Rwanda, wengine wao wakiwa na kazi kwenye mukataba ule wa OMS. BAT ilikana kama ilifanya uovu. Agosti 2017 ofisi ya Uingereza yenye kufuata makosa makubwa ya pesa ilitangaza uchunguzi. Mwezi ule ule gazeti The Guardian la Uingereza likaandika kama hati lililoziona zinaonyesha namna kampuni hiyo iliendelea na biashara katikati ya vita, pamoja na huku kwetu Congo, pesa taslimu zikisafirishwa kwa kufichwa. Hapo tena kampuni ilisema inafuata sheria.

Januari 2021 ofisi ile ilifunga uchunguzi wake. Ilisema ushahidi haukufikia kiwango cha kupeleka kesi. Kwa hiyo juu ya jambo lile hakuna mutu aliyehukumiwa, na ni lazima tuseme hivyo wazi. Lakini swali lenye lilifunguliwa halikufungwa pamoja na faili: inchi yenye vita, yenye mipaka mirefu na yenye ofisi dhaifu, inajilinda namna gani mbele ya kampuni yenye pesa kuliko bajeti ya wizara ya afya? Ndiyo maana mukataba unaomba kila mukutano kati ya serikali na makampuni ya tumbaku ufanywe mbele ya macho ya watu, na maandishi yake yaonekane.

Kodi, duwane na forode

Hapa ndipo makampuni yanaleta hoja yao kubwa: mukipandisha kodi, forode itaongezeka. Watu watanunua sigara za magendo, serikali itakosa pesa, na kuvuta hakutapunguka.

Mutu wa Beni hawezi kucheka hoja hiyo. Mupaka wetu na Uganda ni mrefu, njia za pikipiki ni nyingi, na sigara ni nyepesi kubeba kuliko simenti. Lakini tuiangalie hesabu vizuri. OMS inasema bei ya tumbaku ikipanda asilimia 10, kuvuta kunapunguka karibu asilimia 5 kwenye inchi zenye mapato madogo. Wenye kuacha wa kwanza ni vijana na maskini, kwani mifuko yao haina nafasi. Na forode haitoki kwenye kodi peke yake. Inatoka pia kwenye ukaguzi dhaifu na kitu kidogo. Dawa ya forode ni kukagua. Kuacha sigara iwe rahisi sawa karanga si dawa.

Congo tayari ina chombo. DGDA, wale wa duwane, ndio wenye kutoza kodi ya accise juu ya sigara, pombe na vingine. Walianzisha mfumo wenye unaitwa STDA, wa kufuatilia kodi hiyo kwa tembre kwenye sigara na vinywaji. Ni wazo lile lile la Kenya, yenye ilianza tembre zake za elektroniki mwaka 2013. Tembre inasema: hii ililipiwa, hii hapana.

Lakini rudi tena pembeni ya sahani. Tembre imebandikwa fasi gani? Kwenye paketi. Mununuzi wa sigara moja haioni. Muuzaji wa sahani, mutu wa butike alimupa paketi yenye imefunguliwa tayari. Sigara ya forode na sigara yenye ililipiwa zinalala kwenye sahani moja, na jioni zimekuwa moshi zote mbili. Kodi ya sigara na kuuza moja moja haviwezi kutengenezwa kila kimoja peke yake.

Na mutoto mwenye sahani?

Hapa niseme kitu changu. Mimi mwenye kuandika nilibeba sahani ya namna ile nikiwa primere, wakati wa likizo na jumapili kiisha misa. Karanga zilikuwa zinakawia. Sigara ilikuwa inatoka mbio, na faida yake haikuoza. Ile pesa ilinunua daftari. Kwa hiyo sitaki mutu asome habari hii na kesho aende kupindua sahani ya mutoto ao kumunyanganya paketi akisema ni sheria ya tumbaku. Tunajua vizuri namna sheria inaweza kugeuka njia ya kula watu wadogo. Paketi yenye ilinyanganywa kwenye rond-point inaishia mara nyingi mudomoni mwa mwenye aliinyanganya.

Mutoto si adui. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inasema kila mutu mwenye hajafika miaka 18 ni mutoto, na mutoto analindwa. Mwenye kuulizwa ni mutu mukubwa nyuma yake: mwenye butike anayefungua paketi na kumupa, depo yenye kumuuzia mwenye butike, na kampuni yenye inajua vizuri namna gani bidhaa yake inafika barabarani. Sheria nzuri inaanza juu na kushuka. Inaanza na mwenye kuingiza makarton, inafika kwenye depo, inafika kwenye butike. Kwenye sahani, inapashwa kufika na kitu kingine mukononi: karanga nyingi zaidi, deni dogo kwa mama yake, ao njia ya kurudi shuleni.

Na mukulima? Kule Ituri, upande wa Aru, kuna familia zenye zimeishi na tumbaku miaka mingi. Mukataba hauwasahau, unaomba serikali iwatafutie mazao mengine. Sisi watu wa Beni tunajua kama inawezekana, na tunajua kama haifanyiki siku moja. Wakati ugonjwa wa trakeomikoze uliua kahawa yetu, wakulima wengi waliingia kwenye kakao. Ilichukua miaka. Ilihitaji miche, bei, na munyunuzi mwenye kuaminika. Kukataza zao bila kuleta lingine ni kumusukuma mukulima porini.

Kitu gani kinaweza kuanza bila kungojea Kinshasa?

Kuna watu watasema: tuko chini ya état de siège tangu Mei 2021, kuna vita, watu wanauawa mashambani, mubunge gani atafikiri sigara? Ni swali la haki. Risasi inaua leo, sigara inaua kiisha miaka thelathini. Lakini wale watoto wenye watabaki kiisha vita, tunataka wabaki na mapafu gani?

Na kuna mambo yenye hayangojei bunge.

Shule inaweza kuweka kanuni yake: hakuna sigara ndani ya uwanja, kwa mwanafunzi wala kwa mwalimu. Mwanafunzi hawezi kuamini onyo la mwalimu mwenye kunuka moshi.

Komiti ya wazazi inaweza kuzungumuza na wenye butike karibu na shule. Ni majirani, wanajulikana kwa majina, watoto wao wanasoma pale pale. Kuwaomba wasifungue paketi hakuhitaji polisi.

Chama cha wamotari kinaweza kusema: mwenye kubeba abiria havuti. Wengi wao tayari hawapendi moshi wa mwenzao mbele ya mama mwenye mutoto mugongoni.

Meya anaweza kutoa arrêté juu ya muji wake, yenye kuonyesha fasi za kutouza na za kutovuta: karibu na shule, hospitali, masoko. Komini za Butembo na za Beni zina watu wa usafi wenye wanapita kila siku. Wanaweza kueleza kabla ya kutoza.

Kanisa na muskiti vinaweza kusema. Na sisi wa radio pia tuna neno letu: redio yenye kupokea pesa ya tangazo la sigara haiwezi kiisha kuwafundisha wasikilizaji wake juu ya afya.

Watu wa Butembo na Beni tunakumbuka mwaka 2018. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti, tulikuja na ndoo za maji, tukaweka klorini kwenye milango, wengi tukikataa mwanzoni. Tulikataa kwani tuliamriwa kabla ya kuelezwa. Kulitupa mafunzo makali: watu zaidi ya 2.200 walikufa mpaka ugonjwa kutangazwa umekwisha Juni 2020. Mambo yalianza kugeuka pale watu wenyewe wa kata, kwa lugha yetu, walipoanza kueleza watu wa kata. Hakuna mutu aliyetupima joto kwa kutupenda tu; lakini mwishoni tulijua juu ya nini.

Tumbaku inaomba kazi ya namna ile. Serikali inapashwa kutupa sheria yenye meno, iliyoandikwa kwa lugha yenye mama wa soko la Kilokwa anaelewa. Wabunge wetu wa Kivu ya Kaskazini wanapashwa kuulizwa: mukataba wa 2005 mumeufanyia nini? Na sisi, kwenye rond-point, tunapashwa kuanza kuona kile tulikuwa tunapita bila kuona.

Kesho jioni ukipita pale, angalia sahani. Angalia umri wa mwenye kuibeba na umri wa mwenye kununua. Kiisha tafuta wapi onyo liko, wapi tembre iko, wapi sheria iko. Utavikuta vyote vitatu: vimebaki kwenye paketi, na sigara imekwisha kuondoka.